"Put off" si kufuta

Mtu husoma barua isemayo "The interview has been put off", akadhani usaili umefutwa, akaacha kujiandaa. Kati ya dhana potofu zote kuhusu kitenzi hiki, hiyo ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. Kufuta ni "call off". "Put off" ni kuahirisha: jambo bado lipo, siku yake tu ndiyo imesogezwa mbele. Ukichanganya mawili haya, unaweza kuukosa usaili uliokuwa bado unakungoja.

Kosa hilo huzaliwa na dhana nyingine, kwamba ukishajua "put" ni kuweka na "off" ni kutoka mahali fulani, basi maana umeipata. Lugha yetu wenyewe inatusuta. Ukipiga simu huichapi, na ukipiga pasi hakuna anayeumia. Kitenzi kikishaungana na neno jingine huzaa maana mpya, nayo huna budi kuishika nzima kama ilivyo. Tena "put off" hiyohiyo humaanisha pia kumkata mtu hamu: "The smell put me off", yaani harufu ile ilinitoa hamu. Hapo hakuna kilichoahirishwa.

Wapo wanaosema haya ni maneno ya mitaani, eti mwandishi makini aandike "postpone". Katika barua rasmi "postpone" hufaa zaidi, sikatai. Lakini "put off" si neno la juzi. Katika Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyotoka mwaka 1611, Musa anaambiwa "put off thy shoes" (Kutoka 3:5), yaani avue viatu. Maana hiyo ya kuvua imefifia sasa, ila kitenzi ni mzee kiasi hicho. Na "postpone" yenyewe imetoka Kilatini: "post" ni baada ya, "ponere" ni kuweka. Ni wazo lilelile la kuweka jambo baadaye, limevishwa joho tu.

Sarufi nayo ina mitego. Kiwakilishi hukaa katikati: "put it off", kamwe si "put off it". Nomino ndiyo yenye hiari, "put the meeting off" au "put off the meeting". Kitenzi kinachofuata huchukua "-ing": "I put off calling him", si "put off to call". Kosa hili la mwisho nalielewa vizuri, kwa sababu Kiswahili husema "niliahirisha kumpigia", na mkono huiandika "to" wenyewe.