Kona Ikipigwa, Mshika Kibendera Hajatoroka Kazi

Tangu mechi za mashinani zishike kasi hapa Kisumu, malalamiko yanayotufikia sisi wa upande wa marefa karibu yote yanafanana: timu imepata kona, mshika kibendera (yule refa msaidizi wa kando ya uwanja) akawacha laini ya mabeki akaenda kusimama huko nyuma ya kibendera cha kona, goli likaingia, na sasa watu wanauliza ofsaidi alikuwa anaangalia nani. Jameni. Mpira ukitoka kwa kona moja kwa moja hakuna ofsaidi, iko kwa sheria ya 11 ya soka, hata straika akimkalia golkipa kifuani, labda iwe faulo tu. Sasa huyo mtu abaki kwa mabeki akitafuta nini?

Mahali pake ni nyuma ya kibendera cha kona, sambamba na laini ya goli. Kwanza anahakikisha mpira umewekwa ndani ya ile robo duara ya mita 1, halafu anaichungulia laini yote, kwa sababu kona ya kuzungusha inaweza kutoka nje ikiwa hewani na kurudi uwanjani, na wewe uliyekaa katikati hapo huwezi kuona. Kona ikiwa upande ule mwingine bado anabaki kwa kibendera cha upande wake. Havuki. Hii tumeieleza mpaka tumechoka.

Kazi ngumu inakuja na kona fupi. Mpigaji anampasia mwenzake hapo karibu, anarudishiwa, na mara nyingi bado amesimama kule kule kwa laini ya goli. Hapo ofsaidi ishaanza kuhesabiwa, na mshika kibendera lazima akimbie akalingane na beki wa pili kutoka mwisho au na mpira, chenye kiko karibu zaidi na goli. Hapo ndipo akikosea mna haki ya kulalamika.

Upande wa adhabu: wapinzani wakae mita 9.15 kutoka kwa ile robo duara, anayekataa anaonyeshwa kadi ya njano. Kibendera cha kona haking'olewi ati kinakusumbua mguu. Mpigaji akigusa mpira mara mbili kabla mwingine hajaugusa, wapinzani wanapewa frikiki isiyo ya moja kwa moja, yaani goli halihesabiwi mpaka mchezaji mwingine auguse mpira. Kubishana na uamuzi ni njano, matusi ni nyekundu, na tangu 2019 hata kocha anapewa kadi. Mashabiki wakianza kurusha vitu, refa ana uwezo wa kusimamisha mechi ama kuivunja kabisa, anaandika ripoti, na ripoti ikishafika kwa wasimamizi wa ligi msitupigie sisi simu.

Lingine ni hizi fildi zetu za shule zisizo na fensi. Watoto na boda boda wanajaa pale kwa kona mpaka mshika kibendera anasukumwa ndani, anamzibia mpigaji njia. Timu ya nyumbani iweke mtu wa kuondoa watu hapo kabla mechi ianze, kona zote nne.