Buti jipya haliponyi sivijointi iliyokwisha

"Fundi, buti nililonunua ni bovu. Nimelifunga juzi, gari bado linalia ka-ka-ka nikikata kona."

Huo ni ujumbe wa tatu mwezi huu, kila mmoja kutoka kwa mtu tofauti, na wote hadithi ni moja: kashinda siku nzima chini ya gari, kajisifu, kaingia barabarani, mlio uko palepale. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo naandika hapa na kuanzia leo nitakuwa natuma hii.

Buti halilii. Buti ni raba yenye mikunjo inayofunika sivijointi, yaani kiungo cha shafti inayozungusha tairi, kinachoiwezesha kuzunguka hata ukikata kona, na kazi zake ni mbili tu: grisi isitoke, na vumbi na maji visiingie. Kinacholia ni chuma kilichomo ndani. Jointi ya nje, ile ya upande wa tairi, ina gololi sita, kila moja kwenye mfereji wake, zimeshikwa na keji, pete ya chuma yenye matundu. Usukani ukiwa umenyooka gololi hazitembei sana, zinakandamiza karibu palepale, na hapo ndipo chuma huanza kuliwa, hasa grisi ikishachanganyika na mchanga. Ukikata kona, kila gololi inalazimika kwenda na kurudi kwenye mfereji wake kila tairi linapozunguka mara moja. Inatumbukia kwenye kishimo, inatoka, inatumbukia tena. Huo ndio mlio wako. Sasa niambie, raba mpya itakizibaje kishimo kilicho kwenye chuma? Bandeji haiungi mfupa.

Kwa hiyo, kabla hujanunua buti, tafuta sehemu tupu, kata usukani mpaka mwisho, endesha polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo. Kushoto, halafu kulia. Likilia, achana na buti, tafuta jointi au shafti nzima. Vitabu vinasema mlio ukija unapokata kulia, mbovu ni jointi ya kushoto, kwa sababu ndiyo inayobeba uzito wa kona. Mara nyingi ni kweli. Lakini nimeshafungua upande huo zaidi ya mara moja nikakuta chuma kinang'aa kama kioo, ugonjwa uko upande wa pili. Siku hizi natazama zote mbili kabla sijatoa hukumu.

Kama halilii, na umekuta tu buti limechanika na grisi imerukia ndani ya rimu, basi hongera, wewe ndiye mtu ambaye buti lilitengenezwa kwa ajili yake. Kazi yenyewe si ngumu. Nati ya shafti ilegeze tairi likiwa bado chini, mtu amekanyaga breki. Jeki, kisha stendi. Jeki peke yake si ya kuingilia chini. Ondoa tairi. Paipu ya breki ikibana, fungua kalipa, ile inayobana breki, uining'inize kwa waya, isining'inie kwa paipu yake. Kuwa mwangalifu na waya wa sensa ya ABS, ile ya breki. Achia boli jointi ya chini, sukuma habu, pale tairi linapofungwa, pembeni, shafti inatoka kwenye habu.

Hapo simama. Huna haja ya kuichomoa kwenye gia boksi. Watu wanavuta shafti kwa hasira, jointi ya ndani, ile ya upande wa gia boksi, inafunguka, roli zake zinaanguka, na buti moja linageuka kuwa mabuti mawili na oili ya gia sakafuni. Iache kule ndani, ifunge na kitu isining'inie.

Kata buti la zamani, futa grisi, tazama jointi imefungwaje kwenye shafti. Nyingine zina loki, kijipete cha chuma, unayoiona na kuipanua kwa koleo. Nyingine loki imejificha ndani ya meno ya shafti. Hizo unaweka kipande cha shaba kwenye kitovu cha ndani ya jointi, kile shafti inamoingia, na kupiga pigo moja kavu. Kitovu, si keji. Keji ikipata ufa umeshaua jointi uliyokuja kuiokoa.

Sasa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wanaporuka. Ioshe jointi kwa mafuta ya taa mpaka uone chuma. Inamishe upande mmoja gololi zijitokeze, pitisha ukucha kwenye kila mfereji. Mstari laini unaong'aa ni wa kawaida, ni njia ya gololi. Ukucha ukinasa, kuna kishimo, hata kama gari halijaanza kulia. Kutu ya juujuu inanisumbua kidogo tu, rangi ya buluu ya kuungua inanisumbua sana. Lakini nitakuwa mkweli: kuna jointi nimezihukumu nzima kabisa, zikaanza kulia wiki chache baadaye, na kuna moja niliifunga kwa aibu, nikimwambia mwenyewe asitegemee kitu, na hadi sasa anapita bila mlio. Ukucha ni kipimo kizuri, lakini si mahakama ya rufaa.

Ukimaliza kuosha, ikaushe. Ikaushe kabisa. Mafuta ya taa yaliyobaki nyuma ya gololi yatailainisha grisi mpya mpaka iwe uji, nayo itatafuta pa kutokea.

Na grisi. Mungu wangu, grisi. Ile inayokuja na buti kwenye kifuko ni nyeusi kwa sababu ina molibdenamu, na haikuwekwa humo kwa mapambo. Gololi inagusa chuma kwenye eneo dogo mno, na nguvu yote ya injini inapita hapo. Molibdenamu ndiyo inayobaki katikati grisi yenyewe inapokamuliwa pembeni. Grisi ya njano ya beringi za kawaida haikuundwa kwa mgandamizo huo. Usinijibu kwamba grisi ni grisi. Tena ya jointi ya ndani, ile yenye roli tatu, inaweza kuwa tofauti na ya nje, kwa hiyo vifuko viwili usivichanganye.

Kiasi nacho kina ugomvi wake. Kifuko kimepimwa. Kilichopo ndicho kinachotakiwa. Sehemu kubwa iingie ndani ya jointi, ukiisukuma kwa kidole mpaka itokeze upande wa pili kati ya gololi, iliyobaki ipake ndani ya buti. Kuna wanaojaza buti mpaka linavimba wakidhani wanalihurumia. Grisi iliyo kwenye mikunjo hailainishi chochote, inasukuma klampu tu.

Kabla ya kubana klampu ndogo, ingiza bisibisi butu chini ya mdomo wa buti, hewa ipumue. Ukiacha hewa iliyobanwa au buti lililonywea, mikunjo inasagana na litachanika kabla ya wakati. Klampu ni za chuma, zibanwe kwa koleo lake. Vile vibana vya plastiki vya kufungia nyaya viache kwenye nyaya. Kwenye raba laini vinalegea, na kwenye yale mabuti magumu ya plastiki havishiki hata siku ya kwanza.

Mtaniuliza kuhusu buti la kugundisha, lile lililopasuliwa ubavuni ili usifungue kitu. Silipendi. Alama moja ya kidole chenye grisi kwenye gundi na mshono unafumuka, na asiyefungua jointi hajaisafisha wala kuitazama. Kinachoniudhi ni kwamba nililifunga moja kwenye gari langu mwenyewe, siku niliyokuwa na haraka, na mwaka wa pili huu halijavuja. Bado silipendi.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, na nati iwe mpya, ibanwe kwa spana ya kupimia, kwa kiwango cha kitabu cha gari hilo. Usilisukume gari hata hatua moja kabla nati haijabanwa, kwa sababu kwenye magari mengi ndiyo inayoibana beringi ya habu.

Ukishaendesha kidogo, chungulia nyuma ya tairi. Ukikuta michirizi myembamba ya grisi karibu na klampu usipige kelele bado, huenda ni ile uliyoipaka nje ukasahau kuifuta. Ifute, kesho tazama tena. Ikirudi, klampu yako haijabana.