Je, wajua: kwa nini afisa ustawi wa jamii huuliza kuhusu shingo?

Mwanamke anayefika ofisi ya ustawi wa jamii Kasulu au Kigoma Ujiji, mkoani Kigoma, Tanzania, akiwa amevimba jicho huenda akaulizwa jambo ambalo hakulitaja: "Aliwahi kukushika shingoni?"

Wengi, wakiwamo askari na wahudumu wa afya, huamini kwamba aliyekabwa lazima awe na alama. Asipokuwa nayo, wanahesabu kwamba alisukumwa tu. Imani hiyo ni ya hatari. Uchunguzi wa majalada 300 ya kesi za kukabwa huko San Diego, Marekani, uliochapishwa 2001, ulikuta nusu ya waathirika hawana jeraha lolote la kuonekana, na wengi wa waliobaki walikuwa na alama hafifu mno kupigwa picha. Kwenye ngozi nyeusi michubuko hufichika zaidi.

Shingo hufanana na mpira wa kumwagilia bustani: ukiukandamiza kwa kiganja, maji hukatika, ukiuachia huoni kovu. Mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani ni laini, hivyo huziba mapema. Damu inaendelea kuingia bila kutoka, na vishipa vidogo hupasuka. Ndiyo maana vidoa vyekundu hutafutwa ndani ya kope. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo ikizibwa pia, fahamu hupotea kwa takriban sekunde 10. Njia ya hewa ni ngumu zaidi, huziba mwisho. Kwa hiyo "nilikuwa bado napumua" si ushahidi wa usalama. Ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2008, ulionyesha kwamba aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa naye. Takwimu hizo ni za huko, hazikupimwa Buhigwe wala Kibondo. Zichukuliwe kama onyo. Hazitabiri litakalompata mtu mmoja.

Maswali yaulizwe faraghani, mbali na mume, mawifi na hata watoto wanaoweza kupeleka maneno. Je, alizimia? Alijikojolea? Sauti imekwaruza, kumeza kunauma, macho yana ukungu, upande mmoja umelegea? Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Dalili moja tu inatosha kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Akiwa anapumua kwa shida, matibabu yatangulie, na PF3, yaani fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa, kutoka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ifuate. Mjamzito aangaliwe pamoja na mtoto tumboni.

Mambo huharibika zaidi kwenye usuluhishi. Wazee wanawaita wote wawili, mke anaambiwa aeleze mbele ya mumewe. Ananyamaza, au anasema na kuadhibiwa usiku. Karatasi ya rufaa ya kwenda hospitali nayo ina hatari yake ikikutwa kwenye pindo la kitenge. Aulizwe kwanza kama anaweza kuondoka nayo. Kama hawezi, ibaki ofisini, yeye atajiwe tarehe ya kurudi kwa mdomo.