Programu ni ya wote, sasa mtu anafukuzwaje?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mchangiaji akitimuliwa kwenye mradi wa programu huria kwa kuvunja kanuni za maadili, hana ruhusa tena ya kuigusa programu yenyewe. Nilizihesabu kanuni hizo kuwa sehemu ya leseni. Kumbe leseni ya namna hiyo isingeitwa huria kabisa: kipengele cha 5 cha fasili ya programu huria inayotunzwa na shirika la Open Source Initiative kinakataza leseni kumbagua mtu au kundi lolote. Mwenye matusi ana haki sawa na mpole ya kusoma msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, kuubadilisha na kuusambaza. Hata aliyefukuzwa jana.

Kinachofungwa ni mlango mwingine. Chukua kwaya ambayo wimbo wake umebandikwa ukutani, kila apitaye aunakili. Mwanakwaya anayewatukana wenzake anaambiwa asije tena mazoezini. Wimbo hajanyang'anywa: atauimba bafuni, atabadili beti, akitaka atakusanya watu na kuanzisha kwaya ya pili kwa wimbo uleule. Asichoweza ni kujipanga na kwaya ya kwanza siku ya kurekodi. Leseni inahusu ile karatasi ukutani. Kanuni za maadili zinahusu chumba cha mazoezi. Na chumba cha mradi ni barua pepe za pamoja, gumzo, mikutano, na nafasi ya mabadiliko yako kupokelewa, jambo ambalo hakuna leseni huria inayoliahidi.

Linux, kiini huria cha mfumo wa kuendesha kompyuta, ilibadili kanuni zake Septemba 2018, wakati uleule mwanzilishi wake Linus Torvalds alipoomba radhi kwa ukali wa barua zake. Ilichukua Contributor Covenant, waraka wa kanuni za maadili ulioandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014. Mwishoni mwa 2024 mtunzaji mmoja wa sehemu ya msimbo wa Linux alizuiwa, kwa kuvunja kanuni hizo, kushiriki katika matayarisho ya toleo la 6.13. Toleo lilipotoka, msimbo wake wa awali ulikuwa bado umo ndani.

Kama kanuni hizi huongeza upole, ushahidi ni mwembamba. Miradi inayozipitisha mara nyingi ina watu waliokwisha kulijali jambo hilo, hivyo ni vigumu kujua kipi kilisababisha kipi.

Kioja ninachokipenda ni SQLite, programu ya kuhifadhi data. Mwaka 2018 watu waligundua kwamba kanuni zake ni sura ya 4 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inayowaasa watawa pamoja na mengine wasipende kucheka sana. Baada ya zogo, waraka huo ukaitwa maadili ya waasisi. Msimbo wa SQLite hauna hata leseni. Ni mali ya umma, uchukue utakavyo. Lakini kwa kawaida hawapokei msimbo kutoka nje. Wengi wetu hatuwezi kufukuzwa huko, kwa kuwa hatukuwahi kuingia.