Kodi iliyo kwenye tiketi ya ndege, na sheria yenye tarehe ya kufa

Chukua risiti ya tiketi ya ndege ya safari ya ndani ya Marekani, uisome mpaka chini kabisa, pale ambapo wengi hawafiki. Baada ya nauli utakuta herufi mbili mbili, kila jozi na kiasi chake: US, ZP, AY, XF. Tuseme nauli ni dola 200, safari ni ya mwaka 2025, ndege moja bila kuunganisha. US ni kodi ya asilimia 7.5 ya nauli, yaani dola 15. ZP ni dola 5.20 kwa kila mruko. AY ni dola 5.60 za ulinzi. XF ni ada ya kiwanja unachoondokea, ambayo haizidi dola 4.50, ukomo huo uliwekwa na sheria ya mwaka 2000 na bado uko palepale. Jumla unalipa dola 230.30.

Kazi yangu ni kusoma sheria za usafiri wa anga, na sheria mpya ikitoka mimi huanza na sura ya fedha kabla ya sura ya usalama. Sura ya usalama itakwambia kwamba kiwanja lazima kikaguliwe. Kama mkaguzi atakuwa na nauli ya kufika huko, hilo utalikuta kwenye sura ya fedha.

Pesa za US na ZP, pamoja na kodi ya mafuta ya ndege na ya mizigo inayosafirishwa kwa ndege, huingia kwenye Mfuko wa Viwanja na Njia za Anga, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1970. (AY hutozwa kwa ajili ya ukaguzi wa abiria, XF hubaki kwa kiwanja chenyewe.) Wazo la mfuko huu ni kwamba anayetumia anga ndiye aigharamie, na pesa zake zisichanganywe na kodi nyingine. Nauona ni msingi wa haki. Lakini una tundu: kodi ya asilimia 7.5 hukatwa kwenye nauli, na ada ya begi haimo. Shirika likishusha nauli kutoka dola 200 hadi 165, kisha likatoza 35 kwa begi, abiria ametoa dola 200 zilezile, ila Mfuko umepata 12.38 badala ya 15. Rada iliyoifuatilia ndege hiyo ni ileile, na mwongoza ndege aliyezungumza na rubani ni yuleyule. Ningekuwa na nafasi ya kurekebisha kifungu kimoja tu cha kodi, ningeanza na hiki.

Hata hivyo, kukusanya pesa si kuzitumia. Mfuko ni kama sanduku lenye kufuli mbili. Ya kwanza ni sheria ya usafiri wa anga yenyewe, ambayo Kongresi huipitisha kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka michache. Ndiyo inayoruhusu kodi zikusanywe na kuipa mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, idhini ya kuendesha miradi yake. Ya pili ni sheria ya bajeti ya kila mwaka, inayosema ni kiasi gani kitatoka. Kufuli moja ikigoma, sanduku halifunguki hata likiwa limejaa.

Kufuli ya kwanza iligoma mwaka 2011. Sheria ya zamani ilikuwa imekwisha muda Septemba 2007, na tangu hapo Kongresi ilikuwa ikiiongezea miezi kidogo kidogo. Mpaka sheria mpya iliposainiwa Februari 2012, nyongeza zilikuwa zimefika 23. Katikati ya safari hiyo, usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai 2011, nyongeza mojawapo ilikwisha bila nyingine kupita. Wabunge walikuwa wakivutana juu ya ruzuku ya safari za ndege kwenda miji midogo na juu ya kanuni za kura za kuunda vyama vya wafanyakazi. Karibu watumishi 4,000 wa FAA walirudishwa nyumbani, na ujenzi kwenye viwanja kadhaa ukasimama.

Waongoza ndege walibaki kazini kwa sababu mishahara yao ilikuwa kwenye fungu jingine. Wakaguzi wa usalama wa viwanja hawakuwa na bahati hiyo. Fungu lao lilikuwa limefungwa, lakini kazi yao haiwezi kungoja, kwa hiyo waliendelea kusafiri na kukagua bila mshahara, wakilipia nauli na hoteli kwa kadi zao wenyewe. Kila nikisoma habari za wiki zile, hapo ndipo ninaposimama. Njia ya kurukia ikipasuka, au taa za pembeni zikizimika, wa kuligundua ni mtu huyo, na alikuwa akigharamia ukaguzi wa serikali kutoka mfukoni mwake.

Na kodi je? Idhini ya kuikusanya ilikuwa imekufa. Mashirika mengi yalipandisha nauli kwa kiasi kilekile cha kodi iliyotoka, hivyo abiria wengi hawakuona tofauti yoyote kwenye bei. Serikali ikawa inakosa takriban dola milioni 30 kila siku, kwa karibu wiki mbili, hadi nyongeza nyingine ilipopita tarehe 5 Agosti.

Kufuli ya pili imegoma mara nyingi zaidi. Kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019 sehemu ya serikali ilikaa siku 35 bila bajeti, na waongoza ndege wakafanya kazi bila malipo. Tarehe 25 Januari upungufu wa watu kwenye vituo vya kuongozea ndege ulifanya safari za kwenda LaGuardia, New York, zisimamishwe kwa muda, na siku hiyohiyo mvutano ukamalizwa. Mwaka 2025 ilikuwa siku 43, na FAA ikayaagiza mashirika kupunguza safari kwenye viwanja vikubwa 40. Nyakati zote hizo abiria waliendelea kulipa US na ZP.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi sheria isitungwe ya kudumu, tukapumzika? Mimi siungi mkono. Tarehe ya mwisho ndiyo mlango ambao usalama hupitia. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Familia za marehemu zilikwenda Washington, zikarudi, zikaenda tena. Kilio chao kilipata sheria Agosti 2010, na sheria hiyo ilikuwa mojawapo ya zile nyongeza za muda! Ndani yake ndimo lilimozaliwa sharti la saa 1,500 kwa marubani wa mashirika ya abiria, akiwamo rubani msaidizi, ambaye kabla yake aliweza kuanza na leseni ya saa 250.

Vivyo hivyo sheria ya sasa, iliyosainiwa 16 Mei 2024 baada ya ile ya 2018 kwisha muda na kuongezewa siku. Januari ya mwaka huohuo kipande cha ubavu wa ndege ya Alaska Airlines kilichomoka angani. Wachunguzi walipotaka kusikiliza sauti za chumba cha marubani hawakupata kitu: kinasa kilikuwa kinahifadhi saa mbili tu, nacho hakikuzimwa kwa wakati, kikaandika juu ya yaliyotangulia. Ulaya ilikuwa imekwisha kudai saa 25 kwa ndege mpya tangu 2021. Sheria ya 2024 ikaweka saa 25, hata kwa ndege zinazoruka tayari, ambazo zimepewa miaka sita.

Kwa hiyo tarehe ibaki kwenye kanuni na miradi, lakini mishahara ya waongoza ndege na wakaguzi itolewe nyuma ya kufuli zote mbili. Haihitaji pesa mpya, kwa kuwa zimo kwenye Mfuko. Wala si jambo lisilowezekana: Aprili 2013, makato ya bajeti yalipowapeleka waongoza ndege likizo bila malipo na safari zikaanza kuchelewa, Kongresi ilipitisha ndani ya siku chache sheria ya kuhamisha hadi dola milioni 253 kutoka fungu la viwanja. Baada ya 2019 iliwasilishwa miswada ya kuuachia Mfuko ulipe wenyewe bajeti inapokwama. Haikupita.

Sheria ya 2024 iliidhinisha zaidi ya dola bilioni 105 kwa FAA, na muda wake unakwisha tarehe 30 Septemba 2028. Rasimu ya itakayofuata ikitoka, nitatafuta kwanza mstari unaomtaja mkaguzi wa kiwanja na fungu atakalolipwa siku ambayo Kongresi haijakubaliana.