Kasri la Split halina lango la tiketi

"Kasri liko wapi, na tiketi ni bei gani?" Wageni wa Split, mji wa pwani ya Croatia, huuliza hivyo wakiwa wamesimama ndani ya kasri lenyewe. Wameingia kwa Mlango wa Fedha, wamekatiza ua wa Peristil, wanatokea Mlango wa Chuma, na bado wanalitafuta.

Kasri la Diocletian si makumbusho yenye uzio. Ni mtaa. Kaisari huyo wa Roma alihamia hapa mwaka 305 baada ya kung'atuka. Mji jirani wa Salona ulipoanguka karne ya 7, wakimbizi walijihifadhi ndani ya kuta hizi, na tangu hapo pana watu. Leo eneo hilo la takriban mita 215 kwa 180 lina makazi, maduka na nguo zilizoanikwa madirishani. Kuingia ni bure, usiku na mchana, kwa milango yote minne.

Kinacholipiwa ni vitu vichache vilivyomo: kanisa kuu la Mtakatifu Domnius, mnara wake wa kengele, hekalu la Jupiter lililogeuzwa mahali pa kubatizia, na kumbi za chini ya ardhi. Kwenye kumbi hizo ndiko watu wanakojipunja. Ukiingia kwa Mlango wa Shaba kutoka barabara ya Riva, ukumbi wa katikati wenye vibanda vya zawadi ni bure na unakupeleka hadi ngazi za Peristil. Wengi hupita hapo wakaondoka wakiamini wameona kila kitu. Kumbi zenyewe ziko pembeni, kulia na kushoto, na kama hela inatosha tiketi moja tu, nunua ya huko, uache mnara. Zilijengwa kubeba makazi ya kaisari, kwa hiyo mpangilio wake ndio uliokuwa wa vyumba vya juu, ambavyo vingi havipo tena. Kilichoziokoa ni taka: kwa karne nyingi wenye nyumba za juu walitoboa sakafu na kumwaga uchafu, kumbi zikajaa, hakuna aliyepata nafasi ya kuzivuruga. Inua macho utazame matundu kwenye dari.

"Ikulu ya Marekani imejengwa kwa mawe ya kisiwa jirani cha Brač." Wauza vinyago vya mawe hulipenda sana hili. Mawe ya Brač yamejenga kasri hili, hilo ni kweli. Kuta za Ikulu ile ni za mawe ya mchanga ya Aquia Creek, Virginia, yaliyopakwa rangi nyeupe.

"Jumapili nitafanya manunuzi." Tangu Julai 2023 sheria inaruhusu duka kufungua Jumapili 16 tu kwa mwaka. Wauza zawadi na baadhi ya maduka ya mikate wameachwa nje ya sheria hiyo, lakini viatu na mashati nunua Jumamosi.

"Nina pasi ya Kenya, nitarudishiwa VAT." Kinachoangaliwa ni unakoishi. Mkazi wa Berlin hapati, pasi yake iwe ya nchi gani. Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anapata kwa risiti inayozidi euro 100, mradi aombe fomu wakati wa kulipa na forodha waigonge mhuri anapotoka Umoja huo, ndani ya miezi mitatu. Mzigo usiukabidhi kaunta ya ndege kabla ya mhuri, maana forodha wanaweza kutaka kuuona.

Na viatu: mawe ya Peristil yamesuguliwa na nyayo hadi yanang'aa. Mvua ikinyesha, soli ya ngozi inateleza kama kwenye sabuni. Vaa soli ya mpira.