Saa 1,500 za urubani: nani anazihitaji?

Kijana anayetamani urubani hakawii kuambiwa kwamba bila saa 1,500 hataajiriwa na shirika la ndege. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine inategemea nchi, na kiti anachotaka kukikalia.

Saa zinazosemwa ni za kurusha ndege, zilizoandikwa katika daftari la rubani. Hesabu huanza pale ndege inapojongea kwa nguvu zake ili ikaruke, na kuisha inaposimama kabisa baada ya kutua. Kwa hiyo hata dakika za kusubiri zamu ya kupaa zimo. Ukisafiri kama abiria huhesabiwi kitu.

Viwango vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ambavyo Kenya na Tanzania zinavifuata, vina ngazi mbili. Leseni ya rubani wa biashara, CPL, inadai saa 200, au 150 kwa aliyepita kozi iliyoidhinishwa. Mwenye leseni hiyo akipata pia kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege bila kuona nje, na mafunzo ya aina ya ndege husika, anaweza kukaa upande wa kulia kama rubani msaidizi, abiria wakiwa nyuma yake. Saa 1,500 ni za ATPL, leseni ya kapteni wa ndege kubwa.

Marekani ndiko saa hizo zinakodaiwa kwa wote wawili, kapteni na msaidizi. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi, ambaye awali alitosha na saa 250, akatakiwa kuwa na ATPL. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamezidi saa 1,500. Ndege ilipopunguza mwendo mno na usukani ukatetemeka kutoa onyo, kapteni aliuvuta badala ya kuusukuma mbele. Kwa maoni yangu, hilo ni suala la mafunzo zaidi kuliko la wingi wa saa, na ubishi huo haujaisha hadi leo.

Sheria yenyewe inakiri kwamba saa hazilingani. Ndani ya zile 1,500 lazima ziwemo 100 za usiku, 75 za kuruka kwa vyombo na 500 za safari kati ya viwanja. Tena kuna nafuu: aliyefunzwa jeshini anaruhusiwa kuanza kama msaidizi akiwa na 750, na mwenye shahada ya urubani ya chuo kilichokubaliwa, 1,000.

Wengi huko huzikusanya kwa kufundisha. Mwanafunzi anaandika saa yake, mkufunzi naye anaandika yake, ingawa aliyeshika usukani muda mwingi ni mwanafunzi. Afrika Mashariki, njia mojawapo ni ndege ndogo kama Cessna Caravan, zinazopeleka watalii Maasai Mara, Serengeti au Zanzibar.

Ukiona tangazo la kazi linalodai saa 500 au 1,000 kwa rubani msaidizi, usidhani sheria imebadilika. Hicho ni kiwango cha kampuni yenyewe, na mara nyingi sababu yake ni bima.